Umeonja, Mama?

Nilitoka kununua karoti. Basi. Karoti, kipande cha boga na kitunguu, nirudi kabla giza halijaingia, nimchemshie baba supu yake. Sikuwa na habari na mambo ya mtu.

Baba alikuwa hawezi kutafuna. Kiharusi kilimpiga upande mmoja, mdomo ukaenda kando, koo likawa halipitishi kitu. Muuguzi alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, huyu mzee asipopata supu nzito, laini, isiyo na chembe hata moja, atatutoka. Na si ugonjwa utakaommaliza. Ni njaa." Tangu siku hiyo maisha yangu yakawa sufuria na mwiko. Nachemsha, naponda, nachuja kwa chujio la chai, nachuja tena, halafu nakimbilia cherehani. Mimi ni fundi wa mapazia. Nikishona, supu inaungua. Nikikimbilia supu, mwenye pazia anapiga simu kunitukana. Na baada ya kazi yote hiyo baba anakunywa vijiko vitatu, anapaliwa, analia. Mwanaume aliyekuwa akibeba mifuko ya saruji begani huku anaimba, leo analia kwa sababu ya chembe ya karoti. Iliniuma sana. Kila siku niliomba neno moja tu: asife. Mengine yote nitayabeba, ila asife.

Na ana jambo lake jingine. Baba hali chakula ambacho mpishi hajakionja mbele yake. Ng'o! Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo marehemu mama alivyotufundisha mimi na mdogo wangu tangu tuko wadogo: unadondosha tone la mchuzi kwenye kiganja cha mkono wa kulia, unalamba, mlaji anakuona. Si kijiko. Kijiko kinadanganya, mama alisema, mtu anaweza kukigusisha mdomoni tu. "Na mpishi asiyeonja chakula chake, ama hajui kupika, ama ni mchawi."

Kwa hiyo hata na mdomo wake uliopinda, kabla sijamfikishia kijiko, lazima aniulize.

"Umeonja, mama?"

Mimi ananiita mama, maana nimerithi jina la mama yake. Mdogo wangu anamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho. Basi nami naonja, nalamba kiganja, ndipo anafungua mdomo.

Sasa jioni ile, nikiwa na mfuko wangu wa karoti, nikapita duka la vyombo. Dirishani palikuwa na mashine ya supu. Jagi refu la chuma, chini lina visu na kitako cha kupashia moto. Unatia mboga mbichi na maji, unafunika, unabonyeza. Inapika yenyewe, inasaga yenyewe. Kitinda alikuwa amenichosha nayo kwenye simu. "Dada, nunua bwana. Hata mimi naitaka, ila nangoja ujaribu wewe kwanza, uniambie kama inafaa."

"Ahaa! Kwa hiyo mimi ndiye wa kuonjeshwa sumu kwanza?"

"Si wewe ndiye mkubwa?"

Hana adabu yule. Nampenda kuliko nafsi yangu.

Nikaingia dukani, nikaishika, nikaizungusha, nikaufungua mfuniko, nikanusa ndani. Muuza duka akaniambia, "Dada, ukiichukua hii, utanikumbuka kwa dua."

"Na ikiharibika je?"

"Haiharibiki."

"Kila kitu huwa hakiharibiki kikiwa dukani kwenu."

Akacheka. Nikauliza bei. Aliponitajia, nikairudisha mahali pake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzake, nikatoka. Njiani bado nilikuwa naipigia hesabu kichwani. Nitapumzika mikono, ndiyo. Lakini je, baba atainywa? Je, itakuwa laini kweli, au ni maneno ya dukani tu? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka. Mtaa ulikuwa kimya kuliko kawaida. Nilipofika mlango wa pili kabla ya kwangu, nikasikia...

"Jirani..."

Sauti ya chini sana. Nikageuka. Alikuwa mke wa Fundi Saa, amesimama nyuma ya geti lake, nusu ya uso iko nje, nusu iko gizani.

Huyu mama tulikuwa tunamjua wote. Mume wake alikuwa akitengeneza saa, ndiyo maana ya lile jina. Aliugua vibaya miaka ya nyuma, mpaka wanawake wa mtaa tukaanza kupanga nani ataleta sufuria kubwa za msibani. Hakufa. Hakuonekana tena nje, lakini mke wake alikuwa akinunua boga kila siku, nasi tukasema, mgonjwa anayekula si maiti. Nilikuwa namwonea wivu, kusema kweli. Yeye wake amepona, wangu ananyauka.

"Ulikuwa unaangalia mashine ya supu," akaninong'oneza.

"Wee! Nani kakuambia?"

Akalisogelea geti. "Usinunue. Mimi ninayo. Ichukue ukajaribu."

"Na mgonjwa wako atatumia nini?"

"Yeye bado anaihitaji," akasema. "Mimi ndiye siwezi tena."

Amechoka, nikajiambia. Nani asiyeujua uchovu huo? Akainama, akaokota kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akanipitishia getini. Kwa mkono wa kushoto! Damu ilinichemka. Mtu mzima ananipa kitu kwa kushoto, kama anamtupia paka mfupa. Lakini nikaona mkono wake wa kulia umezungushiwa mtandio, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kwenye kiwiko.

"Unisamehe," akasema. "Huu mwingine umekwisha kazi." Kisha akanikodolea macho. "Jaribu kwanza. Halafu uje uniambie... inafaa, au haifai."

Geti likafungwa. Nikabaki na mzigo kifuani. Ulikuwa wa vuguvugu. Nikafikiri labda ametoka kuipikia sasa hivi. Kutoka ndani ya nyumba yake, mbali, nikasikia mtu anaita. Neno moja, tena na tena. Sikulishika vizuri. Nikaenda zangu.

Nyumbani nikaiosha mara mbili kwa maji ya moto. Nikakata karoti, nikakata boga, kitunguu, chumvi kidogo, maji. Nikafunika. Nikabonyeza.

Nilitarajia kelele za mashine. Unajua zile, kama pikipiki. Lakini yenyewe ilitoa sauti ya chini, nzito, ya polepole...

Gu... gu... gu...

Kama mtu anayekunywa maji kwa kiu.

Kisha harufu ikaja. Nikashika ukingo wa meza. Ilikuwa harufu ya supu ya mama, ile yenye kitunguu kilichoungua kidogo pembeni kwa sababu mama alipenda kupiga soga huku anapika. Mimi sikukaanga kitunguu. Nilikitia kibichi. Machozi yakanilengalenga, nami wala sikuuliza. Ukiwa na shida, huulizi harufu nzuri imetoka wapi.

Nikapeleka bakuli. "Umeonja, mama?" Nikadondosha tone kiganjani, nikalamba. Lilikuwa tamu mno. Na nilipolamba, nikahisi kitu cha ajabu, kama vile tone nalo limenilamba mimi. Nikacheka mwenyewe. Baba akafungua mdomo.

Alimaliza bakuli. Lote! Hakupaliwa hata mara moja. Akanitazama, upande wake mzima wa uso ukatabasamu, akasema, "Bado ipo?" Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha mpaka kwikwi zikanishika.

Siku zikaenda. Baba akanenepa. Mdomo ukarudi mahali pake, vazi lililokuwa linamning'inia likamkaa. Akaanza kukaa mwenyewe, kisha kusimama, kisha kunifuata jikoni kwa fimbo akinitania, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Muuguzi alipokuja alipiga makofi. Kitinda kwenye simu akapiga vigelegele. "Kwa hiyo inafaa! Niambie basi ninunue!"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema ngoja. Ulimi ulisema wenyewe.

Jioni moja nilikuwa nashona pazia zito, nikisukuma sindano ya mkono kwenye upindo. Nikaona doa jekundu kwenye kitambaa. Nikalifuata doa kwa macho. Sindano ilikuwa imeingia kwenye kiganja changu cha kulia, imezama mpaka kwenye tundu la uzi. Nami sikuhisi kitu.

Nikaichomoa. Nikakisogeza kiganja kwenye taa.

Hakikuwa na mistari.

Ile mistari ya kiganja, ambayo kila mtu anayo, ambayo hata mtoto mchanga anazaliwa nayo... haipo. Ngozi ilikuwa nyeupe, laini, inateleza kama kisosi. Nikakisugua kwenye meza. Hakuna. Nikakibana kwa koleo la kukatia waya wa pazia. Hakuna. Ni kama nimeshika mkono wa mtu mwingine.

Nikajiambia ni sabuni. Ni kazi. Nikajiambia mambo mengi.

Kesho yake nilitia maji matupu kwenye jagi ili niisuuze, mkono usiohisi ukateleza ukabonyeza. Gu... gu... gu... Nikasema, acha ijioshe yenyewe. Iliponyamaza nikafunua.

Ilijaa supu. Nzito, ya rangi ya boga, imetuama hadi ukingoni.

Nami nilikuwa nimetia maji tu.

Nikainamia jagi. Harufu ya kitunguu cha mama ilikuwa ipo juu juu. Chini yake palikuwa na harufu nyingine, ambayo sasa niliijua. Harufu ya mkono uliolowa majini kutwa nzima. Nilikuwa nanusa ngozi yangu mwenyewe.

"Umeonja, mama?"

Baba alikuwa mlangoni. Sikusikia fimbo. Hakuwa na fimbo.

"Baba, leo nakupikia ya sufuria."

"Ile pale si tayari?"

"Imeharibika."

Akaketi, akangoja kama mtoto mwema. Nikachemsha, nikaponda, nikachuja kama zamani. Nikamletea. Kijiko cha kwanza akakitema ukutani. Cha pili akakitema kifuani kwangu. Akaanza kutetemeka. Nilimwona kwa macho yangu mdomo wake ukianza kwenda kando, polepole, kama pazia linalovutwa. Ungefanya nini? Hebu niambie, ungefanya nini? Nilikimbilia jikoni nikamimina ile ya kwenye mashine.

Nikajaribu ujanja. Nikaonja kwa kijiko, mama anisamehe. Kwenye kijiko yalikuwa maji. Maji matupu yasiyo na rangi. Nikatazama bakuli, namo supu ilikuwa imegeuka maji.

"Si hivyo," baba akasema kwa sauti ya chini. "Kiganja."

"Baba, mkono wangu wa kulia unauma."

"Basi huo mwingine. Mkono wowote, mama."

Nikaganda. Huyu ndiye baba aliyewahi kumchapa Kitinda kwa kupokea mkate kwa kushoto. Mkono wowote? Nikamtazama usoni nikimtafuta baba yangu, na alikuwemo, haki ya Mungu alikuwemo, kovu lake la kidevuni, kope zake, ila alikuwa ananitazama mkono, si uso.

Nikanyoosha kiganja cha kushoto, nikadondosha tone. Likawa supu.

Tangu hapo nilikuwa kama mtu anayetembea usingizini. Jioni moja nikasinzia kwenye kiti, mkono wa kulia umening'inia pembeni. Dirisha lilikuwa bado lina mwanga kidogo wa magharibi. Nikazindushwa na sauti. Sauti ya kulamba. Kama mbwa kwenye bakuli, taratibu, kwa raha zake. Nikafikiri paka ameingia jikoni. Sikuhisi chochote, kwa hiyo nilitazama jikoni, nikatazama mlangoni, nikatazama kila mahali...

Kisha nikatazama chini.

Baba alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Lala, mama," akanong'ona. "Lala tu."

Nilichukua ile mashine nikatoka nayo vilevile, bila viatu. Niligonga geti la mke wa Fundi Saa mpaka majirani wakachungulia. Akanifungulia. Hakuonekana kushangaa. Akanipitisha ukumbini, na ukumbi ulikuwa safi, umefagiwa, saa za ukutani zote zimesimama. Mwisho wa ukumbi palikuwa na pazia la kahawia. Nililijua. Nililishona mimi, mwaka ule mume wake alipoanza kuugua, mama huyu akaniambia anataka kitambaa kizito kisichopitisha sauti.

"Chukua mashine yako," nikamwambia. "Haifai."

"Haifai?" Akatabasamu bila meno kuonekana. "Baba yako hali?"

"Anakula."

"Hatembei?"

"Anatembea! Lakini si..." Nikashindwa kumalizia.

Akaanza kufungua mtandio. Alifungua kwa meno, mzunguko baada ya mzunguko. Mkono wa kulia ulipotokea nilijiziba mdomo. Kiganja kilikuwa kimeliwa, ila bila kidonda. Kimebonyea katikati, chembamba, cheupe, kama mwiko wa mbao uliotumika nyumba moja vizazi vitatu. Vidole vilikuwa vimebaki vidogo vidogo ukingoni. Akanionyesha wa kushoto. Nao umekwenda, ulibakiwa na mstari mmoja tu.

"Naye alikuwa hali bila kuonjewa," akasema. "Wanaume wa rika lao ndivyo walivyo. Mimi nilipewa hii mashine na mwenzangu tuliyekuwa tukikaa naye hospitali, kila mmoja na mgonjwa wake. Na yeye alipewa. Huko nyuma zaidi sijui. Usiniulize."

"Tukiacha kuwapa?"

"Nimeacha tangu jioni ile niliyokupa. Fungua umwone."

Sikutaka kufungua. Mkono wangu ulifungua.

Fundi Saa alikuwa amelala chali. Amekonda mpaka shuka halikuonyesha kama kuna mtu, isipokuwa kichwa. Nilidhani amekufa, nikataka kumwambia mkewe pole. Kisha mdomo ukasogea. Ulikuwa mdomo mzima, mwekundu, wenye afya, juu ya uso uliokauka.

"Umeonja?" ukasema. "Umeonja? Umeonja? Umeonja?"

Ndilo neno nililolisikia jioni ile nikiwa getini.

"Hatakufa?" nikauliza.

"Hafi. Huo ndio ubaya wake." Akalirudisha pazia taratibu, kama mama anayemfunika mtoto. "Wewe ulipomwona baba yako ameanguka, uliomba nini?"

Alikuwa analijua jibu.

"Nami niliomba hilohilo," akasema. "Tumepewa. Sasa kula, anakula. Asipokula, hafi, ana njaa tu. Basi amua wewe, jirani, maana mimi kichwa kimechoka. Inafaa, au haifai?"

Kutoka kwangu, nyumba ya pili, kupitia kuta zote zile, baba akaanza kuita. "Mamaaa..." Sauti ya mzee mwenye njaa. Sauti ileile iliyonifundisha kuhesabu, iliyomlilia mama alipofariki. Ningeweza kuiacha mashine pale sakafuni. Nilikwisha kuitua, nikafika mpaka mlangoni.

Nikarudi nikaichukua.

Nikajiwekea utaratibu. Bakuli moja tu, jioni tu, tone dogo kabisa, mkono wa kushoto. Kidogo kidogo, ili niufikishe mbali. Sikuwa na matumaini ya kitu kingine. Mapazia ya watu nikaanza kuyarudisha kwa wenyewe, maana uzi siuhisi. Kitinda alipopiga simu nikamwambia wazi, "Haifai. Usinunue. Wala usije huku."

"Dada, haifai vipi na baba anatembea? Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Nimesema haifai! Huelewi Kiswahili?"

"Ama hutaki na mimi nimpikie baba," akasema, na akakata simu. Iliniuma, lakini nikasema afadhali anichukie akiwa huko. Ile mashine, nikimaliza tu, naificha chini ya meza ya cherehani, nimeizika kwenye marobota ya vitambaa.

Jana nilitoka kununua karoti. Ndiyo, bado nanunua karoti, ingawa mashine haina haja nazo. Nazikata, natia. Angalau ifanane na upishi. Kiganja changu cha kushoto kilikuwa kimebakiwa na mstari mmoja mfupi chini ya kidole gumba, nami njia nzima nilikuwa nautazama. Nilipopita kwa mke wa Fundi Saa, geti lilikuwa wazi, ndani giza, na ile sauti ikiendelea peke yake, bila kuchoka. Yeye sikumwona.

Nikafika nyumbani. Mlangoni palikuwa na viatu vya kike. Vidogo, vyekundu, kisigino kimoja kimelika.

Nikavitambua.

Kisha nikasikia. Gu... gu... gu...

Vitambaa vyangu vilikuwa vimetawanywa ukumbini kote, robota kwa robota. Nilivikanyaga nikikimbia. Harufu ya kitunguu cha mama ilikuwa imejaa mpaka kwenye dari. Jikoni, Kitinda alikuwa amefunga leso kichwani, mkoba wake wa safari uko chini, ameshika upawa, anaimba. Baba amesimama kando yake, wima, shavu limejaa, bila shaka ndiye aliyemwonyesha mashine ilipo.

"Kitinda, usionje!"

"Dada! Ndiyo salamu hiyo?" Akageuka anacheka, machozi ya furaha yamemjaa. "Mwangalie baba alivyopona, na wewe unanificha!"

"Umeonja, mama?" baba akasema.

Hakunitazama mimi. Alimwambia yeye. Maisha yake yote hajawahi kumwita mama.

Nilikuwa nimepanga kumwambia kila kitu siku atakapokuja, nimwonyeshe mikono, nimpeleke akaone nyuma ya pazia. Nilifikiri nina muda. Nilisahau kwamba sisi tulifundishwa na mama mmoja. Mkono wake wa kulia ulifunguka wenyewe, kama wangu unavyofunguka, kabla neno langu halijamfikia. Tone likadondoka katikati ya ile mistari mizuri, yote ipo, mirefu, ya msichana. Akalilamba.

Mfuko wa karoti ulikuwa umeniponyoka mkononi. Sikuhisi ulipotoka. Niliona tu karoti zinabingirika sakafuni.

"Mh!" Kitinda akasema, amefumba macho. "Ya mama kabisa. Halafu unaniambia haifai?" Akakitazama kiganja chake, akakisugua kwenye sketi, akacheka kidogo. "Ajabu. Kama imenilamba."

Baba akavuta kiti, akaketi. Akanitazama mikono, akamtazama Kitinda mikono. Kisha, taratibu, kama mtoto mwema, akafungua mdomo.